Injini Isiyopata Joto

Gari letu dogo lina injini ya dizeli ya lita moja na nusu, mitungi minne, na tabo ya kupuliza hewa ambayo haizidi ngumi yangu. Najua haya kwa sababu nimekisoma kitabu chake chote, hata kurasa za kubadilisha balbu, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali ya Mulago kumngoja Baba. Figo zake zimechoka. Kila Jumatatu na kila Alhamisi analazwa kando ya mashine kwa muda wa saa nne, damu yake inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Mwenye zamu hutakiwa awe pale saa tatu kamili asubuhi, na akichelewa anaingia mwingine, maana wanaongoja ni wengi.

Bodaboda haiwezi, miguu haimshiki. Gari la kukodi halitaki, kwa sababu hataki mtu baki amtie mikono kwapani. "Sishushwi kama gunia la mchele mbele ya watu," husema. "Mwanangu yupo." Mimi ndiye huyo aliyepo. Sijalala nje ya Kasubi huu mwaka wa pili. Duka letu la vitambaa nalifungua kwa vipande vipande, na harusi za ndugu zangu Jinja naziona kwenye simu. Nampenda baba yangu, na zipo asubuhi ambazo nikimsikia anakohoa chumbani natamani kuruka dirisha.

Gari nililinunua kwa Mkenya mmoja, mwanamke mwenye duka jirani na letu, alipokuwa anarudi kwao Kisumu. Alilisifu kama anayeoza binti. Halinywi mafuta, alisema, linavuta mlimani kama lori, wewe mwage oili kwa wakati wake na ubadilishe ule mkanda wa ndani kabla haujakatika, basi. Tulipokuwa tunaagana akaongeza, "Lakini dada, hii gari inapenda barabara ndefu. Mimi kila mwisho wa mwezi lazima niipeleke nyumbani." Nikacheka. Barabara yangu ndefu kuliko zote ni Kasubi mpaka Mulago, kupitia Nakulabye na Wandegeya, na nusu yake tumesimama kwenye jamu.

Mwezi wa nane tangu nilinunue, taa ya manjano ikawaka. Nikaipuuza wiki moja. Alhamisi iliyofuata, tunapanda kutoka Nakulabye, gari likakata nguvu. Halikuzima. Lilikuwa linanguruma vilevile, lakini nikikanyaga mafuta hakuna kitu, kama unamwita mtu aliyekwisha amua kutokusikia. Nyuma wakaanza kupiga honi. Saa ilikuwa tatu kasorobo. Nikatia gia ya kwanza, nikainama juu ya usukani, nikaanza kulibembeleza kwa sauti, "Twende mama, twende, bado kidogo." Waenda kwa miguu wakatupita, na mmoja alikuwa amebeba mkungu wa matoke kichwani. Baba alikuwa anatazama mbele, tasbihi mkononi. Tulifika dakika mbili kabla ya saa, jasho limenilowanisha mpaka mgongoni.

Siku hiyo benchini nikarudi kwenye kitabu. Kwenye bomba la moshi la gari hili kuna chujio linalokamata masizi. Likijaa, injini yenyewe huyachoma, ila kwa masharti: iwe na moto wa kutosha, na gari liwe linakwenda mwendo mmoja kwa muda, bila kusimama simama. Yasipochomwa, gari hujibana nguvu ili lisijiue. Nikafunga kitabu kwa hasira. Sharti la pili nililielewa mara moja. La kwanza ndilo lililonishangaza, kwa sababu nilikumbuka kwamba mshale wa joto siku zote umelala chini, hata baada ya saa nzima ya jamu, jua linawaka.

Nikampelekea gari fundi wetu, mzee wa Kiganda aliyekuwa akimtengenezea Baba magari tangu enzi za biashara ya Masaka. Nikamuuliza kwa nini injini haipati moto.

"Nnyabo, hiyo ni mzuri," akasema. "Injini ya baridi haisumbui mutu."

"Mzee, kile kidude cha kuzuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, kipo?"

Akajifuta mikono. Akaenda kwenye kopo lake la misumari, akachakura, akarudi nacho kiganjani, kidogo, cha shaba na springi. "Hajji, baba yako, arisema toa. Arisema jamu itachemsha gari, wewe utakwama njiani na yeye ndani. Mimi nikatoa. Magari yote ya Kampala natoa."

Nilitaka kugombana, nikakosa wa kugombana naye. Baba aliwahi kukwama na lori lililochemka njia ya Masaka, mali za watu mgongoni, na tangu hapo hakuna gari lake lililobaki na kidude hicho. Alimpigia fundi simu kwa siri nilipopeleka gari kumwagwa oili, ili mimi nisipate tabu njiani. Huruma yake ndiyo iliyokuwa inalikaba gari. Nikamwambia fundi akirudishe, na akakirudisha huku akitikisa kichwa.

Masizi yaliyokwisha jaa yalibaki. Jumatatu, Baba alipokwisha lazwa, nikachukua barabara ya pembeni mpaka Busega, nikaingia barabara kuu ya kwenda Entebbe. Mshale ulikuwa umepanda. Nikashika gia ya nne, mwendo mmoja, dirisha wazi. Baada ya dakika ishirini na kitu harufu ya kuungua ikaingia ndani, halafu taa ya manjano ikazima, na nilipokanyaga mafuta gari likaruka mpaka nikapiga kelele peke yangu. Kazi ilikuwa imekwisha. Sikugeuza. Nilikwenda mpaka nikaliona ziwa, nikaegesha, nikakaa, na nikajua kabisa kwamba sitaki kurudi. Nililia kidogo, nikapenga kamasi, nikarudi Mulago kumchukua Baba.

Njiani kwenda nyumbani jamu ilitushika Wandegeya. Nikamwambia Baba kwamba gari limepona, nikamweleza na habari ya kidude.

"Kumbe mimi ndiye niliyeliharibu," akasema.

"Ulitaka kunisaidia."

Akavuta tasbihi mpaka magari ya mbele yakasogea. "Siku ile lilipokataa kupanda," akasema, "nilishukuru Mungu. Nikasema, leo basi. Leo sitobolewi kwa sindano, narudi kitandani kwangu. Halafu nikakusikia unalibembeleza. Nikaona aibu kukwambia geuza."

Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani na nilikuwa naiangalia kama si yangu. Kwa sababu lilipokata nguvu, kabla ya hofu, kabla ya kuangalia saa, mimi pia nilikuwa nimefurahi.

"Hata mimi, Baba," nikasema. "Nilifurahi."

Akageuka kunitazama. "Sasa kwa nini hukugeuza?"

"Nilidhani wewe unataka kwenda."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayetaka niende," akasema.

Nyuma yetu mtu akapiga honi, nikasogeza gari. Kasubi nikamshika kwapani, nikamwingiza ndani. Alhamisi niliamka nikaamua kwamba sitamwita, nitamwacha aseme mwenyewe anachotaka. Nilipotoka na funguo nikamkuta ameketi kwenye ngazi, amekwisha vaa kanzu na viatu, ananingoja.