Diski ya Digrii Hamsini na Nane

Tuwekeane dau, na ukishinda chagua zawadi mwenyewe: hakuna atakayeamini kwamba kuna fundi friji anayeweka kiganja juu ya chuma na kukutajia joto lake kwa digrii, bila kipimo wala miwani. Haya, yupo. Wanamwita Barafu. Shule aliiacha darasa la tano, na ukimuuliza anakwambia hakushindwa yeye, walimu ndio waliishiwa ya kumfundisha. Akigusa bomba nyuma ya friji ya bucha na kusema thelathini na tisa, mwenye bucha akaleta kipimo kikaonyesha arobaini, Barafu anamshauri anunue kipimo kingine.

Dada yake mkubwa ana studio ya picha mtaa wa pili. Ni chumba kimoja: pazia la buluu ukutani, taa mbili za miguu mirefu, na kompyuta kwenye meza ya kona, kando ya friji ya soda za wateja. Ndani ya kompyuta kuna diski moja, na ndani ya diski hiyo kuna harusi za miaka tisa. Nakala hakuna. Kila mwezi dada alikuwa anasema atanunua diski ya pili, na kila mwezi ulikufa na maneno yake.

Siku hiyo alimpigia mdogo wake simu saa nane mchana, kwa sauti ya upole. Dada akiwa mpole, ujue mambo yamechacha. Kompyuta ilikuwa inaganda kila mchana, siku ya tatu sasa, na ndani kunagonga tik, tik, kama mgeni anayebisha hodi na hana hakika na nyumba. Na kwenye benchi ameketi fundi viatu wa pale kona. Mkewe alifariki mwezi uliopita. Mama yule alikuwa hapendi kamera hata kidogo. Mahali pekee alipokamatwa akicheka ni kwenye video ya harusi ya binti yao. Video iko kwenye diski hiyo, na mzee ameijia.

Barafu aliingia na mkoba wake wa spana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Usianze maneno yako, nina mgeni."

Akamwamkia mzee, akampa pole, akanyamaza kama sekunde nne, ambayo kwake ni rekodi. Halafu akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akafungua ubavu wake, akalaza kiganja juu ya diski.

"Hamsini na nane."

Dada alikuwa na programu ya kusoma joto la diski. Akaifungua. Hamsini na nane. Akaangalia namba, akamwangalia mdogo wake, akaangalia namba tena. Fundi viatu akauliza kama huyu kijana walimlelea juu ya jiko.

Barafu akajaa kama puto. Akawasimulia alivyowahi kutengeneza kiyoyozi cha chumba cha kompyuta kwenye ofisi moja kubwa, na mambo aliyoyaokota kule: diski hustarehe kwenye thelathini na kitu hadi arobaini na kitu, ikifika hamsini inaanza kununa, na sitini ndiyo mpaka ambao watengenezaji wengi wanasema usiuvuke.

"Basi tuitie kwenye friji," dada akasema.

"Dada, glasi ya maji baridi ukiitoa nje inafanyaje?"

"Inatoka jasho."

"Sasa jasho hilo liwe kwenye diski, halafu uipe umeme. Tutakuwa na misiba miwili."

Neno likawa limeshatoka. Fundi viatu akaangalia sakafu. Barafu akageuka upesi, akajifanya anaionyesha friji ya soda iliyokuwa pembeni ya meza, na mkono wake ukapita nyuma ya friji hiyo.

Joto lilimpokea kama mlango wa tanuri.

Miaka ishirini sasa anawahubiria wateja kwamba friji haitengenezi baridi. Inachota joto la ndani na kulitupa nje kwa mgongo. Na mgongo wa friji hii ulikuwa unapumulia tundu la hewa la kompyuta, hata shubiri haikuwepo katikati. Studio ilipopakwa rangi mwezi uliopita, aliyeisogeza pale ni yeye Barafu, tena kwa maringo, akisema kompyuta itafaidi ubaridi wa jirani.

"Kitambaa," Barafu akasema. "Kimeziba hewa."

Dada alikifuma mwenyewe, kuzuia vumbi. Akakikunja mara nne, akakitia kwenye droo.

Walizima kompyuta. Barafu akaihamisha friji hadi ukuta wa pili, eti apate nafasi ya kufanyia kazi, akafungua mlango wa studio, akawasha feni. Wakaiacha diski ipoe yenyewe, taratibu. Saa nzima. Mzee akawasimulia mkewe alivyokuwa akikimbilia jikoni kila akiona kamera.

Walipowasha tena, ile tik, tik haikusikika. Dada alianza na harusi ya binti, akaihamishia kwenye flashi huku wote watatu wakiangalia joto: thelathini na nane, arobaini, arobaini na moja. Hapo likatulia. Kisha akaifungua video. Yule mama alikuwa amebeba sahani ya keki, anacheka kitu ambacho kamera haikukiona. Mzee akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaifunga flashi kwenye leso, akaitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Dada akamsindikiza mpaka mlangoni. "Unisamehe, baba," akamwambia. "Mikono yangu hii nusura ikupotezee mke mara ya pili. Kwa kitambaa."

Mzee akasema hata yeye angefunika. Akaenda zake.

Dada akarudi, akakaa kwenye benchi, akawa anaviangalia vidole vyake. Barafu alikuwa anakaza skrubu ya mwisho, ambayo ilikuwa imeshakazwa. Akaendelea kuizungusha. Mwishowe akaweka bisibisi chini.

"Dada, kitambaa kingeongeza digrii mbili tatu tu. Friji ndiyo ilikuwa inaipulizia moto. Niliiweka mimi pale. Nilikosea."