Sahani ya Kambare kwa Bi Odessa

Ilikuwa mwaka sabini na tisa. Hapana, themanini na moja, maana gari langu la kijani lilikuwa limeshakufa. Nilikuwa nafundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, upande wa walinzi wa nyuma, wale wanaowazuia wapinzani wasidake mpira, na hicho kilikuwa chuo changu cha nne. Sisi makocha tulihamahama hivyo.

Nilikwenda Mississippi kumshawishi kijana mmoja, Lavell, aje kuchezea chuo chetu. Mama yake, Bi Odessa, akanipakulia kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi.

"Kula, Kocha. Wenzako watatu wamekalia kiti hicho hicho, waongo watupu. Wewe utakuwa na mwanangu miaka yote minne?"

"Mama, mimi siendi popote."

"Hebu nitazame, kisha useme tena."

Nikamtazama, nikasema tena. Na Jumapili yake nilikuwa nimeshakubali kazi ya chuo kingine, huko Texas.

Lavell alitia saini Jumatano, Ijumaa nikaondoka. Saini ile ilimfunga yeye na chuo, mimi haikunifunga. Sikumpigia mama yake simu. Nilimwachia kocha mwenzangu kazi ya kumwambia.

Msimu uliofuata timu yangu mpya ilicheza na chuo cha Lavell, kile nilichokihama. Mechi ilipokwisha Lavell akaja kunipa mkono, kwa adabu kabisa. Alipogeuka kwenda kwenye basi lao, nikamwita:

"Lavell, mama yako alisema nini alipoambiwa nimeondoka?"

"Alisema, 'Sasa waongo wa kiti kile wametimia wanne.'"