Tonton alizima mlinzi wa kompyuta kwa ajili ya bokilo, kazi ya Yaya Riziki ikaliwa na virusi

Habari zenu wakuu. Mimi huwa nasoma tu humu. Shule yangu iliishia primaire, kuandika kunanichukua muda.

Ila jana kuna mkuu aliuliza kama application control inasaidia kuzuia virusi. Hasira ya zamani ikaamka. Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Ilikuwa Kisangani, Zaire ikielekea ukingoni. Nilikuwa kijana, nachapa kazi za watu kwa Tonton Lifoka, ndugu ya mama, komini ya Tshopo.

Kompyuta ilikuwa moja. Fundi aliweka mlinzi ndani: anaruhusu programu ya kuandika, ya hesabu na ya printa, basi. Nyingine yoyote haifunguki. Password anayo tonton peke yake.

Disketi za mji mzima zilipita pale, virusi hatukuvijua.

Mteja wetu Yaya Riziki (yaya kwetu ni dada mkubwa) alikuwa anamalizia kazi yake ya mwisho ya chuo. Asipoikabidhi kesho yake, anarudia mwaka.

Ndipo akaingia kaka mkubwa wa mke wa tonton, ametoka Kinshasa kwa boti, na disketi ya mchezo wa ndege. Kwetu shemeji kama huyo ni bokilo. Bokilo hakataliwi kitu.

Mlinzi akamkatalia.

"Lifoka, mashine inanikatalia mimi? Mimi niliyekupa dada?"

"Pardon, bokilo. Mashine haina adabu."

Yaya Riziki akasema, "Tonton, kazi yangu iko mule ndani."

"Mama, ni mchezo tu. Mchezo unakula karatasi?"

Akaniambia nisogee. Akaandika password, akamzima mlinzi. Wakacheza, wakacheka, wakaenda kula. Hakumwasha tena, eti bokilo atarudi kucheza.

Asubuhi kazi ya Yaya Riziki ilifunguka ikiwa alama za ajabu tupu. Tonton akaingiza disketi ya akiba ya Yaya Riziki. Nayo ikaliwa.

Mnajua alisema nini? "Ni huyu mutoto. Anachapa kama konokono, amebonyeza vibaya."

Mimi kwa aibu yangu niliangalia chini. Yaya Riziki akajibu, "Tonton, nilikuwa hapa."

Akakusanya karatasi zake, akatoka. Mwaka aliurudia.

Mchana bokilo akaja kuchukua disketi yake. Akaigeuzageuza, akauliza, "Hamjaniharibia mchezo? Mashine yenu hii siiamini."

Wakuu, mpaka leo damu inachemka.

Kwa hiyo mkuu wa jana, ndiyo, inasaidia sana. Ruhusu programu unazozijua, nyingine zote zifungiwe. Lakini password usimpe mtu anayeona haya kumwambia shemeji hapana.

Huko kwenu nani anaishika? Na bokilo akija, atafungua? Semeni ukweli.