Ng'ombe wa Darmi Hawahesabiwi

Darmi Wario aliingia darasa la ngumbaru hapa Garsen kwa hasira, si kwa kupenda kusoma. Alikuwa amemnywesha ndama wake dawa ya kupe, ile ya kuogeshea, kwa sababu chupa iliandikwa Kiingereza na mwenye duka alikuwa ameenda kuswali. Ndama akafa. Darmi akaapa kwamba ataingia mafunzo ya wasaidizi wa daktari wa mifugo, na mafunzo hayo hayampokei mtu asiye na cheti cha Kiingereza.

Mimi Ardo, muuza chai wa stendi, nilikaa naye dawati moja. Wengi wetu darasani tulikuwa mzigo, nisiwafiche. Mwalimu wetu Kadenge, kijana wa kijiji cha Hewani mwenye subira ya ajabu, alitufundisha kwamba lend ni kumpa mtu kitu akurudishie, na borrow ni kuchukua cha mtu ukirudishe. Kesho yake tukayageuza. Niliomba sukari kwa jirani yangu kwa Kiingereza, nikitamba, kumbe nimemwahidi mimi ndiye nitampa. Alikuja na bakuli.

Darmi hakuwa na shida hizo. Hata tulipofika kwenye many na much alishika mara moja: much ni ya maziwa na maji, many ni ya vitu unavyoweza kuvihesabu. Ndipo Kadenge akamuuliza, kwa Kiingereza, ana ng'ombe wangapi.

"Many," Darmi akajibu.

Kadenge akataka idadi. Darmi akarudia neno lile lile. Waorma, watu wa kabila la Darmi, hawataji idadi ya ng'ombe wao, kwa maana kuitaja ni kualika hasara. Sisi Wasomali nasi hatupendi kuulizwa hivyo, kwa hiyo nilijitia kutazama dirishani nisije nikaulizwa mimi.

Kadenge aliijua desturi hiyo. Amekulia jirani na Waorma. Lakini alijua pia kwamba swali hilo haliachwi kwenye mtihani. Baada ya kipindi akamfuata Darmi uani, akambembeleza.

"Sema kumi tu, mama. Ng'ombe hawaelewi Kiingereza."

"Aliyenipa anaelewa," Darmi akasema, akaenda zake.

Nilimkasirikia. Ukaidi gani huu, mtu ametembea juani mwaka mzima kuja darasani, halafu anaacha cheti kiende kwa ajili ya nambari moja?

Siku ya mtihani alikuja mtahini, Bi Linda kutoka Hola, akatuhoji mmoja mmoja mbele huku wengine tukisubiri kwenye benchi. Zamu ya Darmi ilipofika, swali likaja vile vile. Darmi akasema many. Bi Linda akauliza tena, polepole, akidhani hakusikia. Kadenge akashika kichwa.

Darmi akavuta pumzi, akaanza kueleza. Kiingereza chake kilichechemea, lakini hakikusimama. Alisema ng'ombe ni wa Mungu, yeye anachunga tu. Alisema baba yake aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama zao, na jioni alimtambua asiyerudi bila kuhesabu. Alieleza habari za ndama na ile chupa. Akamalizia kwa kusema kwamba akinyimwa cheti atalia sana, lakini idadi hatasema.

Nikagundua nimeelewa kila neno, na macho yangu yamelowa.

Kadenge akainuka kumwombea msamaha. Bi Linda akamwashiria akae.

"Mwanafunzi wako amekataa kujibu swali langu," akasema, akifungua kalamu kutia sahihi kwenye cheti chake, "lakini amekataa kwa Kiingereza."