Moyo Ulioulizwa Maswali

Huku kwetu Rugenge, mwanaume aliyeishiwa nguvu za chumbani hanunui dawa yake mwenyewe, maana muuza dawa wa mtaani anasali kanisa moja na mke wa huyo mwanaume. Anamtuma rafiki. Ujinga mtupu, lakini tunauita adabu. Nami nilimtuma jirani yangu mvuvi, kijana mwenye mabega mapana, kwenye farmasi ya mtaa wa mbali.

Alirudi jua limeshajificha nyuma ya milima na ziwa limeanza kuwa jeusi. Akanipa kidonge kimoja ndani ya karatasi, huku akicheka.

"Ule mama wa farmasi anauliza sana! Eti, weye iko na ugonjwa ya moyo? Iko unakunywa dawa ya kifua? Nikamuambia minye niko muzima kama ng'ombe wa Bijombo!"

Nilicheka naye. Kisha mkono wangu ukagusa mfuko wa shati. Humo nabeba vidonge ninavyoweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Daktari aliyenipa aliniuliza kama natumia dawa ya nguvu za kiume, nikamkasirikia. Akasema taratibu, "Papa, hizi mbili zikikutana, presha inashuka mpaka muntu haamki tena."

Nilikitupa kidonge chooni. Yule mama aliuliza kila alichopaswa kuuliza, akajibiwa ukweli mtupu. Ila moyo uliomjibu haukuwa wangu, na wakati huo ulikuwa njiani kwenda kuvua, ukiimba.