Nilirekebisha Wimbo wa Mpwa Wangu, Sasa Chuo Kinamshuku

Admin, ficha jina langu kabisa, maana ukilitaja tu simu zitalia kutoka Manga hadi Nyansiongo. Nina miaka hamsini na mbili, na kwaya zote mnazosikia huku Nyamira zimepitia mkononi mwangu. Hata ng'ombe zangu zikilia, zinaanzia doh.

Mpwa wangu Kemunto anasomea muziki chuo kikuu. Alipewa kazi: achukue wimbo wa harusi wa kwetu, auandikie sauti nne, kisha kwaya iurekodi. Akaniletea karatasi ya solfa, yaani noti za do-re-mi, kwaya yangu iimbe. Pale mwishoni, sauti ya tatu inashikilia fa wakati wengine wameshatua, sauti zinagongana kidogo, halafu hiyo ya tatu inashuka hadi mi. Akaniambia, "Anko, hapo ndipo kuna maksi. Usipaguse." Akarudi chuoni.

Nilipagusa. Niliwaambia wanakwaya hilo ni kosa la watoto wa siku hizi, sikio langu limelikataa. Nyambane, mchuma chai anayeongoza sauti ya tatu, akauliza, "Mwalimu, si dada Kemunto ameandika hivi?" Nikamjibu, "Nyambane, wewe chuma chai. Imba mi." Tukarekodi. Nikachelewa kumtumia rekodi hadi siku ya mwisho, naye akaipeleka bila kuisikiliza, kwa kuniamini.

Sasa mhadhiri anasema karatasi na wimbo havilingani, na kama masikio ya Kemunto hayakugundua, basi pengine hata hiyo karatasi aliandikiwa. Wiki ijayo anaitwa kujieleza. Akishindwa, anarudia mwaka. Alinipigia akilia, "Anko, Nyambane ameniharibia!" Nami nikasema, "Huyo ni kichwa ngumu, mama." Sabato iliyopita dada yangu, mamake Kemunto, alimgombeza Nyambane mlangoni mwa kanisa, watu wote wakisikia. Nyambane aliniangalia mimi.

Nikienda chuoni kusema ni mimi, Kemunto atapona, lakini nitasimamaje tena mbele ya kwaya? Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?

Na kwa vile jina limefichwa, wacha niseme yote. Sikio langu halikukataa kitu. Nilijaribu kuwaimbia hiyo fa, kila mara ikanitoroka ikawa mi, na akina mama wa sauti ya pili wakacheka. Ndipo nikasema karatasi ndiyo mbaya.