Bwana Mkaguzi Kwenye Arobaini ya Rashidi

Nilitoka Mwabungo kwa sababu ya uongo. Miaka ile uhuru ulikuwa bado mpya, na kaka yangu Rashidi alikuwa ameuawa na kombora la vita vya Wazungu, vita vilivyokwisha zamani. Alikuwa amehamia nyuma ya vilima vya Kwale, akaoa huko, akalima ardhi ambayo jeshi la Kiingereza lilikuwa limefanyia mazoezi ya mizinga. Siku moja jembe lake liligonga chuma kilichofukiwa, kikalipuka.

Baada ya maziko serikali ilituma mkaguzi, naye akatangaza kwamba shamba ni safi, halina silaha yoyote. Kwa hiyo, alisema, Rashidi alilileta kombora mwenyewe kutoka mahali pengine ili atoe baruti ya kuvulia samaki. Huyo Rashidi alihama pwani kwa kuwa hata ndani ya ngalawa iliyotia nanga alitapika. Niliposikia kwamba mkaguzi atakuja kwenye arobaini kuwahimiza watu walime kabla ya masika, nilifunga leso zangu nikaondoka. Nilitaka kugombana naye ana kwa ana.

Asubuhi nilipata lori la nazi pale Ukunda, likanishusha Kombani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na mengine yalikuwa matamu hata nikacheka peke yangu juu ya magunia.

Kwale nilifika jua likiwa limepanda. Nilipita ofisini kuulizia, nikamkuta karani nadhifu.

“Mkaguzi atakwenda kesho, mama,” aliniambia. “Ila mambo ya mabomu ni ya serikali iliyopita.”

“Na mkaguzi ni wa serikali ipi?”

Karani alianza kutafuta kalamu yake, nami nikaenda zangu.

Kutoka Kwale nilitembea. Ukishauacha mlima nyuma yako nchi hukauka, miti hupungua kimo, na unakutana na ng’ombe wengi kuliko watu. Jioni nilifika kwa wifi yangu Mejumaa. Nyumba yake iko ng’ambo ya shamba ukitokea barabarani, na njia iliyokuwa ikikatiza shambani ilikuwa imeota nyasi. Watu wote walikuwa wakizunguka mbali, kwa jirani.

“Shikamoo, wifi.”

“Marahaba. Pole na safari.”

Nilimwambia nilichokuja kufanya. Alikuwa akichambua mchele, hata hakuinua uso.

“Huyo ni mgeni wangu,” alisema. “Nampikia mimi. Usije ukamtukana nyumbani kwangu.”

Niliudhika sana. Nilidhani amechoka kumtetea mumewe. Lakini alinionyesha ghala: mahindi yalikuwa machache, ya kuchungulia. Asipolima, watoto watalala njaa. Akilima, huenda jembe lake nalo likagonga chuma. Na maadamu shamba linaitwa safi, hakuna atakayekuja kulisafisha.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, hitima ilikuwa ikisomwa gari la mkaguzi lilipotokea. Lilisimama barabarani. Mejumaa, ingawa alikuwa bado edani, alijitanda leso akatoka kumpokea, nami nikamfuata, maneno yangu yakiwa tayari. Tulizunguka kwa jirani hadi tukamfikia. Alikuwa kijana, mwenye sauti ya upole na viatu vya kung’aa.

“Karibu, bwana,” alisema Mejumaa. “Nyumba ndiyo ile, na njia ndiyo hii. Kwetu mgeni hutangulia.”

Kijana alizitazama nyasi. “Nyinyi mnapita wapi?”

“Tunazunguka, kwa kuwa sisi ni waoga. Lakini wewe umelikagua.”

Mkaguzi alitazama ng’ambo, kwenye nyumba. Waliokuwa barazani walikuwa wakitutazama, na yeye alijua. Moyoni nilisema, apite, aone. Kisha nikaona jasho shingoni mwake na hamu hiyo ikaniishia. Nikaogopa asije akapita kweli. Aibu ikamzidi nguvu. Aliinua mguu.

Mejumaa alinyoosha mkono mbele yake akaiziba njia.

“Basi, bwana. Nawe una mama.”

Kijana aliurudisha mguu polepole. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

“Sikuingia shambani siku ile. Nilitazama kutoka hapa hapa.”

“Utayasema hayo mbele ya watu?”

“Nitayasema.”

Tukazunguka wote watatu kwa jirani. Aliyasema barazani akiwa amesimama, kwamba shamba halikukaguliwa na Rashidi alisingiziwa. Baadhi ya wazee walilia. Mejumaa akamletea mgeni wake wali, naye akala kidogo.

Nilirudi Mwabungo. Baadaye wanajeshi walikwenda na vyombo vyao wakafukua makombora mengine, moja likiwa hatua chache kutoka njiani. Masika yalipita wakichimba, na mwaka ule watoto wa kaka yangu walikula samaki niliowapelekea kutoka Mwabungo. Kutoka juu hakuja mtu kuomba radhi. Mkaguzi alihamishwa.

Maneno niliyoyapanga juu ya lori sikutumia hata moja, na kwa muda niliona nimepoteza safari. Sasa naona vingine. Mtu akikutangazia kwamba ardhi ni salama, huhitaji kumbishia. Mwonyeshe njia atangulie, na uwe karibu, uweze kumzuia.